Wikio Juu ya Mtaa: Kuandika Tamthilia Ambayo Kila Kipindi Kina Kisa Chake na Hadithi Bado ni Moja

Ukipita mitaa ya Mkomani hapa Lamu saa saba mchana, mahali pa kupumulia ni chini ya wikio. Ni chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiziunganisha nyumba mbili zilizoelekeana. Chini punda anapita na mifuko yake ya saruji, na juu mtu anatoka kwake na kuingia kwa dada yake bila kukanyaga mtaa. Kila nyumba ina daka lake (kibaraza cha mlangoni), kiwanda chake (ua wa ndani) na siri zake za ndani. Ukiingia moja tu, umeingia nyumba kamili. Anayelijua wikio, lakini, anajua kwamba zile ni nyumba za ukoo mmoja.

Tamthilia ninayotaka kukuelekeza imejengwa hivyo. Mtazamaji akikaa dakika 25 apate kisa chenye mwanzo na mwisho, na aliyefuata tangu kipindi cha kwanza apate hadithi kubwa inayosogea. Kulisema hilo ni rahisi. Nimewahi kuliharibu mwenyewe, na nitaeleza nilivyoliharibu, maana kosa lile naliona kwa vijana wengi wanaoniletea miswada.

Tuelewane majina kwanza

Kuna tamthilia ya visa: kila kipindi kina watu wake, na wakimaliza hawarudi. The Twilight Zone ya Marekani, iliyoanza 1959, ni mfano wa kale. Rod Serling, mtunzi wake, alijitokeza kukitambulisha kisa, kisha akawaacha watu wa siku hiyo na balaa lao. Black Mirror ya Uingereza, iliyoanza 2011, ni ya ukoo huohuo. Upande wa pili kuna tamthilia ya mfululizo, kama Maria ya Citizen TV iliyoanza 2019, ambayo ukikosa siku mbili unamtafuta jirani akusimulie.

Kati ya hizo mbili sisi Wakenya tulilelewa na Vioja Mahakamani. Mahakama ni ileile na nyuso tunazijua, ila kesi ya leo haina habari na ya wiki iliyopita. Hakuna anayekumbuka chochote, na ndiyo maana inachekesha. Hapo kuna mahali pamoja na watu walewale, lakini hakuna kumbukumbu. Kitu unachotaka kukiongeza ni hiyo kumbukumbu.

Hatua ya kwanza: chagua aina ya mchanganyiko

Usianze kuandika kabla hujajua unachanganya vipi. Njia ziko kadhaa na gharama zake hazilingani.

Njia ya kwanza ni ya misimu: msimu mzima ni hadithi moja inayoendelea, na msimu unaofuata unaleta watu wengine mahali pengine. True Detective na Fargo, zote za 2014, zilifuata njia hii. American Horror Story, tangu 2011, iliongeza ujanja wake: waigizaji wengi wanarudi wakiwa watu wengine kabisa. The White Lotus ilianza 2021 katika hoteli ya Hawaii, ikaenda Sicily, kisha Thailand, na kila mara mtu mmoja au wawili wa misimu iliyotangulia wanajitokeza tena. Njia hii ni nzuri kwa mwenye fedha za misimu mitatu. Wengi wetu hatuna hakika hata na za msimu wa kwanza.

Njia ya pili ni ya The X-Files, iliyoanza 1993: wapelelezi wawili, kila wiki jambo jipya la ajabu, na chini yake uzi wa polepole kuhusu dada wa mmoja wao aliyetoweka utotoni. Baadhi ya vipindi vinaugusa uzi huo na vingine havina habari nao. Inaruhusu kuandika vipindi vingi, lakini ina hatari yake: mtazamaji hujifunza kutofautisha vipindi vya maana na vya kupitisha muda, na akishajifunza hilo, vile vya pili anavikimbia.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inafaa visiwani na inafaa mifuko yetu: mahali pamoja, na kila kipindi mtu mwingine ndiye kitovu. Lost ya 2004 ilifanya hivyo na manusura wa ajali ya ndege. Vipindi vingi vilirudi katika maisha ya mmoja wao. Kazi iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ni Dekalog ya Krzysztof Kieślowski, visa kumi vilivyotengenezwa kwa televisheni ya Poland mwishoni mwa miaka ya 1980. Wote wanakaa katika majengo yaleyale ya ghorofa mjini Warsaw. Aliyekuwa kitovu leo, kesho unamwona kwenye lifti kwa sekunde chache tu. Tena yuko mwanamume mmoja kimya anayepita karibu katika visa vyote bila kusema neno. Fikiria Lamu, mji ambao ukitoka Langoni kwenda Mkomani umesalimia watu ishirini, na kila mmoja ana kisa chake. Sisi hatuhitaji hata lifti.

Hatua ya pili: tafuta jambo linalowalazimisha

Mahali peke yake hapatoshi. Watu kuishi mtaa mmoja si hadithi. Lazima kuwe na jambo linalomfanya kila mmoja, kwa zamu yake, afanye uamuzi ambao wengine wote wanausubiri.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Nyumba ya mawe ya Mkomani inauzwa. Mwenye nyumba amekufa na kuacha mjane, wana wanne wa kiume na mabinti watatu. Warithi ni wanane, kwa hiyo vipindi ni vinane. Mnunuzi wa kigeni hataki matatizo ya mbele, anataka sahihi zote nane ndipo alipe. Dalali anazunguka na karatasi, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Fanya hesabu yako sawasawa kabla mtazamaji hajakufanyia. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki kinagawanywa kwa mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ukiigawa nyumba katika mafungu 88, mjane anapata 11, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Ukimweka ndugu wa marehemu awe mrithi ilhali wana wa kiume wapo, wazee wa Lamu watazima televisheni na kukuombea hidaya. Na tazama hesabu hiyo ilivyokupa mchezo bure: binti ana mafungu 7 kati ya 88, lakini sahihi yake inazuia nyumba nzima. Aliyepata kidogo ndiye mwenye nguvu sawa na mkubwa wao. Hilo huhitaji kulibuni.

Sasa mpe dalali tatizo lake. Amepokea arbuni ya mnunuzi na ameshaitumia. Akishindwa kukamilisha sahihi, hana pa kuitoa. Hatulijui hilo mpaka mwisho wa kipindi cha pili.

Hatua ya tatu: kisa kidogo kilipie hadithi kubwa

Hapa ndipo nilipoanguka. Miaka kadhaa nyuma tuliandika vipindi 13 vya tamthilia ya mtaani. Kila kipindi kilikuwa kisa kizuri, nakwambia kweli, na mwishoni tulibandika dakika mbili za "hadithi kubwa": mtu mwenye koti anapiga simu gizani, mwanamke anafungua sanduku. Kituo kimoja kilituahidi kisha kikanyamaza, na hilo si la leo. Tulipowaonyesha majirani vipindi viwili vya kwanza sebuleni, nyanya mmoja alivumilia hadi mwisho, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kisa kimekwisha. Hawa wa mwisho nao wametoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hawakutoka popote, tulikuwa tumewashona kwa sindano. Ungeweza kuzing'oa zile dakika mbili kutoka kipindi cha tatu ukazitia cha tisa, na hakuna ambacho kingebadilika.

Dawa niliipata mahali ambapo ningepaswa kutazama kwanza. Alfu Lela Ulela imejaa visa visivyohusiana: mvuvi na jini, vinyozi, mabaharia. Kinachovishika pamoja ni kwamba Shahrazad anasimulia ili asiuawe asubuhi. Kila kisa kinamnunulia muda. Hadithi kubwa haisubiri kisa kiishe ndipo ipate zamu yake; kisa chenyewe ndicho kinachoisogeza. Mfalme asiposikiliza kile cha mvuvi, hakuna kesho.

Basi kanuni niliyojiwekea ni hii: jambo linalomaliza kisa cha leo ndilo hilohilo linalobadilisha hali ya hadithi kubwa. Si jambo la pili linalofuata baadaye.

Kwa vitendo, chukua karatasi ndefu. Mstari wa juu andika kisa cha kila kipindi kwa sentensi moja. Mstari wa chini andika hali ya nyumba mwisho wa kipindi hicho: sahihi ngapi zimepatikana, bei ni ngapi, nani anamshuku nani. Kisha unganisha juu na chini kwa neno. Likiingia "kwa hivyo", wikio limejengwa. Likiingia "wakati huohuo", bado una nyumba mbili na mtaa katikati.

Mfano. Mwana wa tatu ni fundi wa nakshi. Kisa chake: ana siku nne kumaliza mlango wa mteja wa Shela, mikono inamtetemeka, na anaficha ugonjwa wake asipoteze kazi. Mteja analeta nguzo ya kati ya mlango wa zamani ili aige nakshi yake. Fundi anaipapasa na kuzitambua patasi za baba yake. Ni nguzo ya mlango wa nyumba yao. Anaumaliza mlango wa mteja kwa mkono wa mwanafunzi wake na kukiri kwamba yeye hawezi tena. Kisa chake kimefungwa. Kwa hivyo sasa tunajua kuna mtu wa ndani anayeuza nyumba vipandevipande kabla haijauzwa, na nyumba isiyo na mlango wake bei inashuka. Kitu kimoja, ile nguzo, kimemaliza kisa cha fundi anayeficha ugonjwa na kufungua wizi wa nyumba.

Linganisha na rasimu yangu ya awali ya kipindi hichohicho: fundi anamaliza mlango, anatia sahihi, kisha tunaonyeshwa dalali akihesabu pesa. Hiyo ni "wakati huohuo". Nimeichana.

Tahadhari moja. Usifanye kila kisa kifichue siri. Vipindi vitatu mfululizo vyenye ugunduzi vinachosha, na mtazamaji anaanza kusubiri ugunduzi badala ya kumtazama mtu. Mara nyingine inatosha kisa kibadilishe nani yuko upande wa nani. Binti aliyeolewa Malindi anakuja kwa siku mbili, anagombana na mama juu ya kitanda cha samadari, wanapatana, anaondoka na kitanda bila kutia sahihi. Hakuna siri yoyote iliyotoka. Lakini mama, aliyekuwa ameshakubali kuuza, sasa amelala chini chumba kitupu na anafikiri upya.

Hatua ya nne: panga vipindi

Wengi hupanga kwa umri: mkubwa kwanza, kitinda mimba mwisho. Usifanye hivyo. Panga kwa athari.

Cha kwanza kiwe cha mtu anayesema ndiyo haraka. Mfano wangu ni nahodha wa boti ya Mokowe anayetaka injini mpya baada ya ile ya zamani kuzima usiku akiwa amembeba mzazi mwenye uchungu kutoka Manda. Anatia sahihi. Mtazamaji anaielewa kanuni ya mchezo: sahihi moja, zimebaki saba. Na kwa kuwa ametangulia, ndugu zake wanamshuku amehongwa. Tayari kuna shida bila kuongeza mtu mwenye koti.

Katikati, hesabu irudi nyuma. Kipindi cha tano au cha sita mtu aondoe sahihi yake. Hesabu inayopanda tu ni kama ngazi. Ukifika katikati umeshajua juu kuna nini.

Mjane mpe kipindi cha saba, usiku mmoja, chumba kimoja, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizokwisha kuondolewa vyombo vyake. Nilimtia wa mwisho katika rasimu ya kwanza, na ikawa kila kitu kinamsubiri mama atoe hukumu. Ilinuka mahubiri. Wa mwisho nimemweka mdogo wao aliyeko Doha, ambaye tumemsikia tu kwa ujumbe wa sauti tangu mwanzo na kila mtu alidhani sahihi yake ni ya uhakika.

Hatua ya tano: mtazamaji aliyechelewa

Huyu usimsahau, lakini usimbebe mgongoni. Muhtasari wa yaliyopita usizidi nusu dakika, na utaje tu kinachohitajika leo. Kisha weka kitu kimoja kinachoonekana kila kipindi na kueleza hali bila maneno. Kwangu ni ile karatasi ya dalali: inakunjwa, inaloa, inapata doa la kahawa, sahihi zinaongezeka. Aliyeingia kipindi cha tano akiiona karatasi yenye majina manane na sahihi nne, ameelewa.

Mazungumzo ya kumkumbusha mtu analolijua ("Kama ujuavyo kaka, baba alipofariki alituacha wanane") yafute yote. Hakuna ndugu anayeongea na nduguye hivyo.

Hatua ya sita: kurekodi bila kupotea

Faida ya mtindo huu ni kwamba mwigizaji mkuu wa kipindi unamlipa siku chache tu, siku zake za kuwa kitovu na zile za kupita nyuma katika vipindi vya wenzake. Hasara yake ni kwamba utarekodi kwa mahali, si kwa mpangilio wa hadithi. Matukio yote ya kiwandani mwa nyumba, kutoka vipindi vinane, utayafanya ndani ya wiki moja. Asubuhi zidaka zimejaa, mchana tupu, jioni zimejaa tena.

Kwa hiyo awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni daftari tu. Aandike kwa kila tukio: sahihi ngapi zipo, mlango una nguzo au hauna, kitanda kipo au kimeondoka, nani hasemeshani na nani. La mwisho hilo ndilo husahaulika, na ndilo linaloonekana zaidi. Ndugu waliokosana kipindi cha tatu wakipeana chai kipindi cha nne bila maelezo, hadithi kubwa imevuja hapo.

Kwa Lamu ongeza mambo yetu. Bahari ina kalenda yake: maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo tukio la gatini lililobaki nusu usidhani utalimaliza kesho saa ileile. Kwa kawaida maji yatarudi karibu na saa hiyo baada ya wiki mbili hivi. Upepo nao unasema: anayeijua bahari akiona tanga limevimba kwa kusi katika kipindi cha pili na kwa kaskazi katika cha tatu, ameshajua miezi imepita, na kama kwenye hadithi ni kesho yake, atacheka. Adhana usipigane nayo. Simamisheni kazi, au iandike ndani ya tukio. Punda hawana dawa.

Hatua ya saba: jaribu barazani

Kabla ya kutumia shilingi, chukua vipindi viwili visivyofuatana, tuseme cha tatu na cha sita. Wasomee watu wawili, kila mmoja peke yake. Wa kwanza msomee cha sita peke yake, umuulize kisa kilikuwa cha nani na kimeishaje. Asipoweza kujibu, kipindi hakijasimama, kinaegemea wenzake. Wa pili msomee vyote viwili, umuulize nini kimebadilika nyumbani kati ya kimoja na kingine. Akikujibu kwa kukusimulia visa viwili mbalimbali, wikio hakuna.

Usiwaulize kama wamependa. Barazani Mkunguni kila mtu atakwambia mashaallah.

Na ukipata msimu wa pili

Usiwarudishe warithi wawe vitovu tena. Sahihi zimetiwa au zimekataliwa, nyumba ina mwenyewe, na kila mmoja kisa chake kimefungwa. Ukiwavuta tena itabidi ufungue vidonda kwa nguvu. Badilisha jambo linalolazimisha: jahazi linalojengwa Matondoni kwa fedha za watu sita, au nyumba ya Malindi inayopangishwa chumba kwa chumba. Mimi ningemvusha dalali peke yake, akiwa na deni lilelile la arbuni na kanzu ileile, ashuke garini Malindi akitafuta nyumba ya binti mwenye kitanda cha samadari. Anataka kulala siku mbili tu, na binti hajui bado kama amfungulie.